Jagina Asiyekufa: Ubora na Udhaifu wa Deadpool 2

Imekuwa ada ya baadhi ya wahakiki kuzisamehe kazi zinazojidhihaki. Kwa mujibu wao, msanii akishautangaza udhaifu wake kwa kicheko, mhakiki hana tena la kusema. Hoja hiyo ndiyo kinga kubwa ya Deadpool 2, filamu ya mwendelezo iliyoongozwa na David Leitch mwaka 2018, nayo yastahili kukataliwa. Kukiri deni si kulilipa.

Ubora wa filamu hii haukanushiki. Tashtiti yake hufikia kilele pale Wade Wilson, jagina mcheshi aliyeigizwa na Ryan Reynolds, anapounda kikosi cha mashujaa kwa mbwembwe nyingi. Wanaruka kutoka angani kwa miavuli, upepo unawapeperusha, na wale aliowaajiri wanaangamia kabla ya kupigana, isipokuwa Domino, ambaye kipawa chake ni bahati. Hapa kicheko kina dhima: kinaifedhehesha ibada ya nguvu. Vilevile Russell, mvulana mwenye uwezo wa kurusha moto aliyeteswa katika makao ya kulelea watoto, anaipa futuhi hii uzito, kwani mzaha unalizunguka jeraha lake bila kulificha.

Kasoro imo katika namna kifo kilivyosukwa. Vanessa, mpenzi wa Wade, anauawa mwanzoni ili huzuni ya mwanamume ipate pa kuanzia. Yeye mwenyewe hana nafasi ila ya marehemu. Baadaye Wade anajitoa mhanga kwa ajili ya Russell, lakini Cable anarudi nyuma katika wakati na kumwokoa. Hatimaye, majina ya waigizaji yakiwa yameanza kupita, Wade anakitumia chombo hichohicho kumrejesha Vanessa. Majonzi yote yaliyodaiwa kwa mtazamaji yanakuwa yametolewa bure.

Watetezi watasema kuwa hiyo ni kejeli dhidi ya majagina wasiokufa. La hasha. Kejeli hukibomoa inachokicheka. Filamu hii inakicheka na papo hapo inakitegemea.

Mtazamaji wa Tudor, kisiwani Mombasa, hahitaji kwenda mbali kutafuta kipimo. Pwani yake imerithi habari za Fumo Liyongo, ambazo Muhammad Kijumwa alizitungia utenzi mwaka 1913. Liyongo naye ana ucheshi: maadui wanapokula njama ya kumpiga mishale akiwa juu ya mkoma, yeye anabaki chini na kuyaangusha matunda kwa mishale yake. Hata hivyo ana mahali pamoja panapofisha, kitovuni, kwa sindano ya shaba, na anayeitumia siri hiyo ni mwanawe wa kumzaa. Hata akiisha kufa, mwili wake uliopiga magoti kisimani, upinde mkononi, unawazuia watu kuteka maji. Hapana anayeurudisha wakati nyuma ili kumfufua. Ucheshi wa mkomani una thamani kwa sababu hatari iliyomkabili ilikuwa hatari kweli.

Yamkini itadaiwa kuwa utenzi na futuhi ni tanzu mbili zisizolinganishika. Lakini kinacholinganishwa hapa si utanzu, bali gharama ya tukio ndani ya msuko. Futuhi ina haki ya kukicheka kila kitu, kifo kikiwamo. Haina haki ya kumtaka mtazamaji alie, kisha imcheke kwa kuwa alilia.