Usimwage Maji ya Manjano

Damu ikizungushwa kwa kasi kwenye mashine ya maabara, hutoka imejipanga yenyewe. Chini ya kijichupa huketi chembe nyekundu, nzito kama udongo wa mfinyanzi. Juu yake hulala utando mweupe, mwembamba kama ukucha. Hizo ni chembe nyeupe, askari tunaowasifu kila tukitaja kinga. Nafasi iliyobaki, zaidi ya nusu ya damu yote, ni maji ya manjano yaitwayo plazima. Kipimo kikishatolewa majibu, maji hayo huenda kwenye ndoo ya taka.

Toleo hili tumeyapa maji hayo. Hoja yangu ni kwamba protini zilizomo hazieleweki mpaka usome pia mahali anapoishi adui wake.

Mchukue mbung'o. Kimelea anachombebea ng'ombe, kile cha nagana, humkondesha mnyama hadi mbavu zikahesabika. Kikiingia kwa binadamu, hufa. Mwaka 1902, Laveran na Mesnil waliona huko Ufaransa kwamba seramu ya mtu, yaani plazima isiyo na vigandisha damu, inakiua, wasijue kwa silaha gani. Silaha yenyewe ilitajwa mwaka 2003 na kundi la Étienne Pays la Brussels: protini iitwayo APOL1.

Namna inavyoua ingemfurahisha mvuvi. APOL1 husafiri juu ya chembechembe za mafuta ambazo daktari huziita kolesteroli nzuri. Ubavuni mwake hukaa protini nyingine iliyoshika himoglobini, chakula ambacho kimelea hakiwezi kukiacha. Kimelea humeza chambo na ndoana pamoja. Kikishameza, APOL1 hutoboa utando wake kutoka ndani, chumvi na maji humiminika, kikavimba hadi kupasuka. Hapo hakuna chembe nyeupe iliyopigana wala chanjo iliyotangulia. Mtu huzaliwa na kinga hiyo.

Adui naye hakulala. Kimelea cha malale ya Afrika Mashariki, rhodesiense, kina protini iitwayo SRA inayoikaba APOL1 kabla haijatoboa kitu. Ndiyo maana mrina asali wa Urambo, Tabora, aweza kulala kitandani kwa malale ilhali nagana ya ng'ombe wake haimgusi.

Damu ya watu ikajibu tena. Mwaka 2010, watafiti wa Boston na wenzao wa Brussels walieleza maumbo mawili ya APOL1 yaliyobadilika, G1 na G2; seramu ya wenye maumbo hayo iliweza kukiua kimelea cha rhodesiense. Ila hawakuyafikia kwa kufuatilia malale. Waliyafikia kwa kutafuta kwa nini Wamarekani wenye asili ya Afrika wanaharibikiwa figo zaidi kuliko majirani zao. Anayerithi nakala mbili za maumbo hayo, moja kwa baba na moja kwa mama, hatari yake ya ugonjwa wa figo huongezeka sana, ingawa si kila mwenye nazo huugua. Mababu walivushwa bahari kwa nguvu na ngao yao ikiwa damuni. Upande wa pili hapakuwa na mbung'o hata mmoja. Faida ilibaki Afrika, deni likawafuata wajukuu.

Najua nitakaloambiwa: malale inaisha. Ni kweli, tangu mwaka 2018 wagonjwa wanaoripotiwa duniani hawafiki 1,000 kwa mwaka. Ugonjwa wa figo je, nao unaisha? Tayari yako majaribio ya dawa ya kuizuia APOL1 kwa wagonjwa wa figo, na matokeo ya mwanzo ya mojawapo yalichapishwa mwaka 2023. Na bado lipo fumbo: maumbo hayo yamejaa zaidi Afrika Magharibi, ilhali rhodesiense ni kimelea cha huku kwetu mashariki. Majokofu ya Boston hayawezi kulijibu peke yake. Linahitaji damu ya Tabora na ya Busoga, isomwe na watu wanaojua ng'ombe wananywa maji wapi na mbung'o anauma saa ngapi.

Uwezo upo. Nairobi, watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI na wenzao wa taasisi ya Roslin, Uskoti, walimpata kwa kloni fahali wa Kiborani, wakamwita Tumaini. Yeye mwenyewe hakuwa na jeni ngeni. Alikuwa hatua ya kuelekea kwa ng'ombe atakayebeba APOL1 ya nyani, ambayo SRA haiwezi kuikaba.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa maabara ni dogo. Kabla ndoo haijapokea, gawa plazima kwenye vijichupa viwili, kwa ridhaa ya mwenye damu. Andika wilaya alikotoka, igandishe, na uhakikishe jenereta ina mafuta. Makala zinazofuata zitakuonyesha cha kufanya baadaye.