MWEMBE UKIKAUKA CHIMBUA MZIZI, USITAFUTE MCHAWI

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Tunabandika maneno haya kwa sababu ya maneno mengine yanayopita kisimani na kwenye mizani ya pamba. Miche ya miembe iliyobebeshwa, ile tuliyoipanda mvua zilipoanza, mingine inakauka. Sasa watu wanasema eti kuna jicho baya, eti kuna bibi alipita jioni akasimama kuitazama. Tunayakataa maneno hayo.

Tunayakataa kwa kuwa huku kwetu hayaishii kwenye mwembe. Shinyanga na Geita vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa nini? Ni moshi! Mama aliyepikia mabua na mavi ya ng'ombe miaka 40, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakuwaje meupe? Na anapikia mavi kwa kuwa kuni hakuna, miti imekwisha. Basi tunapanda miti, mti ukifa tunamshika yule yule aliyeumizwa na ukosefu wa miti. Hiyo ni akili gani?

Tazameni vijana wetu walioko machimboni Geita. Kijana hachimbi kwa kusikia tu. Anaokota jiwe, analitwanga, analiosha kwenye karai, anatazama kama kuna chembe. Hata yule aliyepita kwanza kwa mganga, jiwe lake anaosha. Mbona sisi mwembe unakufa na hatuchimbi hata shubiri moja kuona kilichouua?

Mti una namna yake ya kusema. Tuusikilize hivi:

1. Kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, mti u hai. Pakiwa pakavu na kahawia, shuka chini ukwaruze tena. Usiung'oe mti kwa kuona tawi moja limekauka. Na majani machanga ya mwembe yakiwa mekundu na kuning'inia kama yamelegea, si ugonjwa, ndivyo mwembe unavyozaliwa.

2. Tazama kiungo, pale ulipobebeshwa. Kisifukiwe na udongo. Chipukizi likitoka chini ya kiungo, likate, maana hilo si la embe ulilolitaka. Ukiliacha litakula nguvu yote, na juu kutakufa.

3. Majani yakinyauka mchana na kusimama tena asubuhi, mti una kiu. Yakinyauka hata asubuhi na udongo umelowa, mti unazama. Wote tunaijua ardhi ya mbuga na ardhi ya ibambasi. Kwenye ibambasi chini pana tabaka gumu kama sakafu, ukichimba shimo umechimba chungu. Maji yanakaa humo na mizizi inaoza. Wewe unaona majani yamelegea, unaongeza ndoo nyingine! Hapo anayeua ni ndoo. Peleka mche penye mwinuko, au utengeneze tuta uupande juu yake.

4. Fukua pembeni uone mizizi. Tumesikia mtu akijisifu kuwa alipanda mche na kiriba chake ili udongo usimwagike. Nailoni haiozi, ndugu. Mizizi inazunguka humo humo na kujinyonga. Kiriba kichanwe kabla ya kufukia, na mzizi uliojikunja unyooshwe.

5. Ukiona udongo umepanda kwenye shina kama plasta, na gome chini yake limeliwa, huyo ni mchwa. Mchwa anapenda mti ulio dhaifu. Nyasi za kutandaza zikae mbali kidogo na shina, zisiliguse. Umwagiliaji usikatike, na kichuguu kilicho karibu kichimbwe mpaka malkia apatikane.

6. Ncha za majani zikiungua kama zimepitiwa na moto, uliza samadi ilitoka wapi. Samadi mbichi ya zizini inaunguza mizizi. Iive kwanza, ichanganywe na udongo, ndipo itumike.

7. Gome likiwa limechubuliwa, tusidanganyane. Ni mbuzi, na mbuzi ana mwenyewe.

Wapo watakaotuambia, nyie mnadharau mambo ya wazee. Si hivyo. Wazee wetu ndio waliotenga ngitili, nyasi na miti vikapumzika. Shinyanga ilipokuwa jangwa, nani aliiloga? Hakuna. Misitu ilifyekwa kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kulima pamba, mifugo ikazidi malisho, na vijiji vilipohamishwa katika miaka ya 1970 ngitili nyingi zikaachwa. Sababu zilipojulikana, kazi ikaanza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 ukazirudisha ngitili, na leo ziko maelfu ya hekta. Ardhi ilipona kwa kuachiwa ipumzike, na hakuna kikongwe aliyelazimika kufa ili ipone.

Na wale wanaopanda kwa ajili ya taarifa tu, nao tunawasema. Siku ya kupanda ni nyimbo na kupiga makofi. Wiki ya kiangazi kikali cha Januari hakuna mwenye ndoo. Mti hauhesabiwi siku ya kupandwa. Uhesabiwe ukishavuka kiangazi.

Kwa hiyo tunadai hivi. Mwembe ukifa, kabla mtu hajatamka jina la mtu, jirani wawili waende na jembe, wachimbe, watazame. Watakachokikuta kiandikwe kwenye ubao huu: maji, mchwa, kiriba, samadi au mbuzi. Atakayetaja jina la bibi wa mtu, tutamwuliza mbele ya mkutano: mzizi uliuona?

JEMBE KWANZA, MANENO BAADAYE!