Mnana na Kijidudu cha Kipindupindu



Hapa Busisi, pale tuchotapo maji, mafunjo yamejaa viota vya mnana. Ndege huyu twamjua sote: dume ni manjano mwilini, kichwa cheusi. Yeye ndiye afumaye kiota, mlango ukiwa upande wa chini. Kisha hujining'iniza hapo akipiga mabawa na kuimba, ili jike aje kukikagua. Asiporidhika, dume hukibomoa, akaanza tena. (Wachumba wetu wengi hawana saburi hiyo.) Jike hutaga mayai 2 au 3, akayaatamia siku zipatazo 12.

Katika maji yale yale chaweza kuwamo kiumbe kingine, nacho ni kijidudu cha kipindupindu. Ukigawa milimita moja mara 1,000, urefu wake ni kama sehemu 2 tu. Robert Koch, yule Mjerumani aliyefika ziwa letu mwaka 1906 kuchunguza malale, alikitambua huko India mwaka 1884. Lakini Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amekwisha kukiona mwaka 1854, wala hakusikilizwa. Hakina dume wala jike, hakichumbii, hakifumi. Hujigawa tu kikawa viwili. Kikijigawa kila nusu saa, kimoja huzidi milioni kwa saa 10, naye mnana hajamaliza hata siku ya kwanza ya kuatamia.

Mtoto mmoja wa mafundisho aliniuliza, "Mwalimu, nacho kiota chake ki wapi?" Nikamwonyesha tumbo langu. Darasa zima likacheka.

Tena mnana twamtambua kwa rangi na sauti. Kijidudu hiki kina ndugu wa jina lile lile wasiodhuru; wenye sumu waliipata kwa kirusi kilichowaingia, na kwa hadubini wote hufanana.

Basi mnana twamtupia mawe kwa ajili ya mtama, na huyu mwuaji twawatwika binti zetu vichwani. Maji kuwa meupe si kuwa safi. Yachemsheni mpaka yatokote. Na mtu akianza kuharisha kama maji ya mchele, msingoje kupambazuke, maana aweza kufa kwa saa chache. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi: anywe kidogo kidogo, hata njiani mwendapo zahanati.