Kamera ya Getini Kabla ya Kamera ya Sebuleni

Vifaa vya nyumba janja, yaani taa, plagi, kengele za mlango na kamera zinazoendeshwa kwa simu ya mkononi, havihitaji tena kuagizwa Dubai. Vimo madukani Kariakoo, vimetundikwa kando ya nyaya na swichi za kawaida, na baada ya sala ya Isha tunaulizwa mara kwa mara: tuanzie wapi? Kwa upande wa hukumu hatuna la kurefusha. Asili ya vitu ni kuruhusiwa hadi ipatikane dalili ya kuvizuia, na taa haibadiliki hukumu kwa kuwashwa na simu. Kinachohitaji mazungumzo ni mpangilio wa kuviingiza ndani, kwa kuwa kifaa kimoja huweza kuipunguzia familia usumbufu na kingine kikaiondolea sitara.

Sisi tungeanza na kitu kidogo kabisa: taa yenye sensa ya mwendo katika ujia wa kwendea msalani. Mtu akipita inawaka, akishapita inazimika. Haitaki intaneti, haitaki programu ya simu, wala haijui jina la mtu. Bibi anayeamka kabla ya Alfajiri kwenda kutawadha hatapapasa ukuta gizani, na huenda hicho kikawa kifaa chenye akili kuliko vyote mtakavyonunua.

Atakaye taa ya kuendeshwa na simu atazame kwanza kichwa chake, kama ni cha kuzungusha au cha pini, kilingane na holda iliyopo nyumbani. Taa ikikataa kuungana, mara nyingi sababu ni ruta: taa nyingi za aina hii hushika masafa ya gigahezi 2.4 tu, ilhali simu huenda iko kwenye yale ya gigahezi 5. Ikishaungana, swichi ya ukutani sharti ibaki imewashwa, maana taa iliyokatiwa umeme haipokei amri. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huanzia: mmoja anazima ukutani kwa mazoea, mwingine anabonyeza simu bila jibu. Na kwa sisi tunaoishi na katikakatika ya umeme, tujue kwamba taa nyingi za namna hii huwaka zenyewe umeme unaporudi, hata iwe saa tisa usiku. Ndani ya programu mara nyingi pana sehemu ya kuchagua taa iweje baada ya umeme kurudi. Chagueni siku ya kwanza.

Plagi janja zinafaa kwa feni na chaji, lakini someni kiwango cha ampia kilichoandikwa. Plagi ya ampia 10, kwa umeme wetu wa volti 230, hubeba takriban wati 2,300. Hita ya maji ya bafuni hupita hapo kwa mbali. Pasi nayo, hata ikiwa ndani ya kiwango, hatuoni kwa nini iwashwe na mtu asiyekuwapo chumbani.

Kwenye kamera tunaomba utulivu. Baba mmoja alitujia akitaka kufunga kamera nne, getini, sebuleni, jikoni na chumba cha watoto, kwa sababu yeye husafiri sana na binti wa kazi ni mgeni. Hofu yake ni ya kweli na hatuibezi. Mtoto ni amana. Tulimwuliza tu watu wa nyumbani kwake huwa katika hali gani mchana, wakijua hakuna mgeni. Alinyamaza. Sura ya An-Nur imeweka adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, kisha ikawataka hata watumishi na watoto wa humo ndani waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya sala ya Isha. Kamera haibishi hodi katika wakati wowote kati ya hizo. Tena mara nyingi picha zake haziishii kwenye simu ya baba, bali huhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni. Mwaka 2023 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, iliishitaki kampuni ya Ring iliyo chini ya Amazon kwa madai kwamba wafanyakazi wake waliweza kutazama video za faragha za wateja, zikiwamo za vyumbani. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba kamera ya kwanza iwe ya getini, nayo ielekee lango lenu na si dirisha la jirani. Ya ndani, ikiwa hapana budi, iwe mahali pa wazi, kila anayeishi humo aijue, na binti wa kazi aonyeshwe ilipo kabla hajaanza kazi. Kumtazama kwa siri mahali anapobadilishia nguo hakuwi ulinzi eti kwa kuwa mshahara tunalipa sisi.

Siku ileile badilisheni neno la siri lililotoka nalo kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani.

Limebaki suala la akaunti, ambalo wengi hulisahau. Mwenye akaunti kuu ndiye anayeona, anayefuta na anayewapa wengine ruhusa. Tumeona fundi akisajili kamera kwa namba yake ili amalize haraka, akaondoka na macho ya nyumba mfukoni. Tumeona pia mume aliye kazini Muscat na mke aliye Temeke asiyeweza kuzima kamera ya sebuleni anapotembelewa na wanawake wenzake, nao wamevua mitandio wakidhani wako peke yao. Akaunti iwe ya wenye nyumba, na mke awe na uwezo uleule wa kuzima alio nao mume.

Kamera ikichakaa, au mkitaka kumpa mtu, iondoeni kwanza kwenye akaunti, muirudishe katika hali ya kiwandani, na kadi ya kumbukumbu mbaki nayo wenyewe.