Bustanini: Usiyakate Majani Mapema

Msomaji wetu mmoja akaaye Uingereza ametuletea swali ambalo nadhani litawafaa na wengine. Asema kwamba maua ya dafodili yaliyo mbele ya nyumba yake yalimpendeza kila mpita njia. Yaliponyauka, aliona majani yamelala ovyo, akachukua kisu akayakata yote ili bustani ipate kuwa safi. Mwaka uliofuata yalitoka majani matupu, pasipo ua hata moja. Auliza: je, aliuziwa vitunguu vibovu?

La, hakudanganywa na muuzaji. Kosa ni la kisu chake mwenyewe.

Kitunguu cha maua ni ghala. Ukikipasua wakati wa kupanda, utaona maganda manene yaliyojaa chakula, na katikati kabisa ua dogo limekwisha kuumbwa. Chakula hicho huletwa na majani, ambayo hukifanya kwa nguvu za jua baada ya maua kwisha. Mwenye kuyakata yangali mabichi amefunga mlango wa ghala kabla mavuno hayajaingia. Wakulima wa vitunguu vya kula walijua jambo hili zamani: hawang'oi mpaka shingo ilegee na majani yaanguke yenyewe.

Basi, bwana huyu na afanye hivi. Ua likinyauka, akate kichwa chake tu, lisipoteze nguvu kwa kuzaa mbegu. Majani ayaache kwa muda wa majuma sita au zaidi, mpaka yageuke manjano. Asiyafunge mafundo. Huenda akangoja mwaka mmoja au miwili kabla ya maua kurudi.

Akitaka kuongeza vingine, dafodili hupandwa huko mwezi wa Septemba, na tulipu mwezi wa Novemba, kwa maana baridi hupunguza ugonjwa wa ukungu unaounguza majani yake. Shimo liwe na kina cha mara mbili au tatu ya kimo cha kitunguu, ncha ielekee juu. Udongo usituamishe maji, kwani kitunguu kitaoza.

Sasa neno kwa walio Kenya ambao hupenda kuagiza vitunguu hivi kutoka kwa jamaa zao ng'ambo. Kwanza, yapasa kupata kibali cha KEPHIS, kwa kuwa magonjwa ya mimea husafiri ndani ya udongo na mizizi. Pili, asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati yenye baridi kali, na pasipo majuma mengi ya baridi shina lake halirefuki. Hata Limuru haina baridi ya kutosha. Wengine huviweka katika friji kwa muda wa majuma 12 au zaidi, mbali na matunda, maana hewa itokayo katika matunda yaivayo huliua ua lililo ndani. Hata hivyo, aghalabu huchanua mara moja tu.

Lakini hapo ndipo penye hatari. Kitunguu cha dafodili kinafanana sana na kitunguu cha kula, nacho kina sumu iletayo matapishi na maumivu ya tumbo. Mpishi asiyejua aweza kukikatia mchuzini. Wala mtu asidanganywe na habari za Uholanzi, ambako watu walikula vitunguu vya tulipu katika njaa ya majira ya baridi ya 1944–45. Hawakula kwa kupenda, na dafodili si tulipu. Vitie katika mfuko, andika jina lake kwa herufi kubwa, uviweke mbali na chakula na watoto.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Lakini mwenye akiba ni yule aliyeyapa majani nafasi ya kuiweka.