Mizani ya gesi ipime na kilichozidi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA),
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nasi wa Mamba tumo. Ila mtungi wa kilo 6 hutufikia umelazwa nyuma ya bodaboda, umefungwa kwa mpira wa tyubu, ukirukaruka njia nzima.

Ndani yake mna gesi iliyogeuzwa kimiminika. Hujazwa asilimia 80 hadi 85 tu. Nafasi ya juu huachwa makusudi, kwa kuwa kimiminika hicho hutanuka kikipata joto. Nafasi ikikosekana, presha hupanda ghafla. Hapo valvu ya usalama, kama ipo, huokoa: presha huishinda springi, valvu ikafunguka, gesi ikatoka kwa mluzi mkali, presha ikishuka, springi huifunga tena. Mtungi ukiwa umelazwa, kinachoruka ni kimiminika chenyewe, na lita moja yake huzaa kama lita 250 za mvuke mzito kuliko hewa, unaotambaa chini hadi ukutane na moto wa jirani.

Wala valvu hiyo si kinga ya yote. Mwaka 1966 huko Feyzin, Ufaransa, valvu ya tangi la propani ilifunguka ilivyotakiwa, lakini moto ulilainisha chuma kilichokuwa juu ya kimiminika, tangi likapasuka. Walikufa watu 18.

Ombi langu linahusu mizani. Tumezoea kuidai ili tusipunjwe. Lakini wapo wanaohamisha gesi kinyemela kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa kukisia, na wakizidisha, mteja hushukuru akidhani kapewa nyongeza! Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Ukijumlisha kilo 6 umemaliza hesabu. Muagizeni muuzaji aukatae mtungi uliozidi kama anavyoukataa uliopungua, na wakaguzi wenu wafike hadi maduka ya huku.

Pia, mkishirikiana na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), wekeni alama kwenye mitungi yenye valvu ya usalama, maana si kila mtungi mdogo unayo, pamoja na mchoro wa mtungi uliosimama, vijana wetu wa bodaboda wauone kabla hawajafunga mzigo.

Wako,
Mkazi wa Mamba, Mpimbwe, Katavi