Dawa ya mildiu: mvua haimalizi kila kitu

Mashambani kwetu tumezoea kusema: "Mvua imenyesha, dawa imetoka." Kwenye jani imetoka, ndiyo. Imeenda wapi?

Wakulima wa birayi wa Kibumba na Masisi hupulizia mankozebu mara kwa mara, hasa wakati wa mvua. Siwalaumu. Mildiu ikiingia, shamba zima linaweza kuungua ndani ya majuma mawili.

Wauzaji husema mankozebu inaisha haraka, na hiyo ni nusu ya ukweli. Kwenye udongo wenye unyevu huvunjika ndani ya siku chache. Lakini ikivunjika huacha kitu kingine, kinachoitwa ETU, ambacho huyeyuka ndani ya maji na kushuka nayo. Kikimwingia mtu kwa wingi, hudhuru tezi ya shingo. Mankozebu yenyewe, Umoja wa Ulaya uliikatalia kibali kipya Desemba 2020. Kwetu ingali inauzwa.

Metalaksili, inayochanganywa nayo katika Ridomil, hukaa zaidi: majuma, hata miezi. Vijidudu vya udongo ndivyo vinavyoila, na kwenye baridi ya Kibumba vinafanya kazi polepole kuliko huku chini Goma. Udongo ukikauka, Juni hadi Agosti, vinalegea zaidi. Samadi huvipa nguvu.

Na shaba, ile dawa ya buluu? Hiyo haivunjiki kamwe, ni madini. Ufaransa walianza kuipulizia mizabibu miaka ya 1880, na mpaka leo udongo wa mashamba yale umejaa shaba.

Sasa fikiria familia iliyotoka kambini, ikakuta shamba lake lilikuwa linalimwa na mwingine, au inayokodi kipande cha ardhi pembeni ya mji. Inapanda mboga za watoto bila kujua kilichomwagwa pale. Tena Nyiragongo maji ni shida, tunakinga ya mvua, na bado kuna watu wanaosafishia pompi kando ya pipa la kunywa! Bidoni ya dawa nayo inageuzwa ya maji.

Mimi naona hivi: anayekodisha shamba aseme alipulizia nini na lini, kabla ya kupokea pesa. Mashirika yanayogawa mbegu na dawa yaeleze kwa Kiswahili, siyo kwa kibandiko cha Kifaransa kilichochanika nusu. Na akina mama wa kibarua, kabla ya kuingia shambani asubuhi, wamuulize mwenye shamba: mlipulizia lini?